Sabuni Yako Ndani ya Ganda la Mahindi

Mpendwa mpwa wangu Zuhura,

Anayekuandikia barua hii ni mtu ambaye treni ya Mikumi haiondoki Kilosa mpaka yeye ainue mkono. Stesheni masta ana bendera yake ya kijani, sikatai, lakini bendera ile hungoja nipandishe gunia la mwisho behewani na kuinua mkono, ndipo ipepee. Tangu nianze upagazi hapa sijaona treni iliyothubutu kunipita. Kwa hiyo barua hii uisome ukiwa umekaa, na huyo baba yako mdogo asikuchungulie begani.

Marahaba. Najua hujaniamkia, ila shikamoo yako naipokea kabla haijafika, maana watokao huko Mikumi wanasema siku hizi shikamoo zako zote zinaishia kwa huyo huyo, fundi cherehani.

Washenga wako wamefika. Walikuwa wawili, mmoja mrefu mwenye kikohozi, mwingine mfupi mwenye kofia ya kiua. Wameleta posa ya yule kijana wa Kidete anayefundisha shule huko Mikumi, na wameondoka bila jibu. Utasikia watu wakisema mjomba wako amekataa. Sijakataa. Kukubali nako sijakubali mbele ya mtu. Sababu ninayo na nitakupa, ila nitaanzia mbali, kwa kuwa nina uchungu, na mwenye uchungu haanzi na neno la mwisho.

Unaikumbuka Masanze? Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia kijijini, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama watoto wa shule, kila mtu akimwona jirani yake anachokula. Mama yako, dada yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa kwenye kikundi cha akina mama cha sabuni. Sabuni ya dukani wakati ule ilikuwa kama mgeni wa serikali: unasikia tu kwamba imefika Morogoro. Basi wakachuja maji ya majivu, wakapata mafuta ya ng'ombe kwa wafugaji wa bondeni kwa kuwapa mahindi, wakachemsha. Wewe ulikuwa mdogo, mwiko unakuzidi urefu, na mama yako alikuwa akikwambia, "Koroga upande mmoja, Zuhura. Ukigeuza mkono, sabuni nayo inageuka."

Sabuni ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa safari. Vipande vikiachwa wazi kapuni vilishikana, vikaokota vumbi la barabara nzima na nywele za mbuzi juu yake. Mwenyekiti wa kijiji alikishika kimoja, akakigeuzageuza, akawauliza akina mama, "Ndugu zangu, hii ni sabuni, au ni kitu kinachohitaji sabuni?" Duka la kijiji likakataa kuzipokea. Mama yako alirudi nyumbani na kikapu kilekile.

Ndipo nikaitwa mimi. Nani mwingine angeitwa? Nilikuwa na darasa la nne, na ningeendelea juu kama mwalimu asingeishiwa vitu vya kunifundisha. Nikaja na magazeti ya zamani kutoka stesheni, tukafunga kila kipande kikawa nadhifu kama barua ya bomani. Baada ya siku chache herufi zote zilikuwa zimehama kwenye karatasi na kuhamia kwenye sabuni. Mwenyekiti aliyejaribu kuiogea, mkewe alisoma mgongoni mwake habari za bei ya pamba, akazisoma hadi chini, na mpaka leo nasema ile ndiyo elimu ya watu wazima ya kwanza katika wilaya hii. Wewe ulikiinua kipande juani, ukakitazama kwa makini, ukasema, "Mjomba, sabuni hii imesoma kukushinda."

Mama yako alicheka mpaka akakalia majivu. Mimi sikukasirika, mtu mkubwa hakasiriki. Nilisusa chakula tu jioni ile.

Na hapo, mpwa wangu, ndipo penye shina la mambo yote. Uliniletea hindi la kuchoma ili kunibembeleza. Nikala. Ukaketi karibu na miguu yangu unamenya mengine, na yale maganda ya ndani, yale laini meupe, hukuyatupa. Uliyalowesha kidogo, ukakilaza kipande cha sabuni katikati, ukakunja huku na huku kama mtu anayemfunika mtoto mchanga, halafu ukafunga kwa uzi wa katani, zile nyuzi tulizokuwa tukiokota njiani malori ya mashamba yakipita. Ukapiga fundo lako dogo lile. "Mjomba, tazama," ukasema. Nikatazama, mdomo umejaa.

Sasa nakuuliza: nani alikuwa anakula? Bila mlaji hakuna ganda. Hilo nimelieleza stesheni mara nyingi, na wenye akili hulielewa. Aliyegundua kufunga sabuni kwa ganda la mahindi katika Kilosa yote ni mimi. Wewe ulisaidia mikono.

Duka likazipokea. Ganda liliacha sabuni ipumue, ikakauka, ikawa ngumu ikigongwa inalia, na ukiifungua inanukia shamba. Mama yako alikuwa akisema, "Uzi urudi kapuni, ganda aende nalo mbuzi, sabuni iende mwilini. Hakibaki kitu cha kufagia." Na mimi nikaweka sheria yangu, kwa kuwa kila kazi inataka sheria: fundo lile lisikatwe kwa kisu, lifunguliwe kwa mkono. "Anayekata uzi hajui sabuni." Neno hilo nililitangaza dukani, nikalitangaza msikitini baada ya swala, nikalitangaza behewani abiria wasipate pa kukimbilia. Hata ule mwaka mto Mkondoa ulipofurika ukachukua kikapu chetu, sabuni zilielea hadi Kimamba, wakazipata kavu ndani ya maganda yao, na mzee mmoja huko akaoga akaoa mke wa tatu. Najua utasema nini. Ulisema mbele ya wageni: "Mjomba, kilikuwa kipande kimoja, na kilizama pale pale." Imani yako ilikuwa haba tangu utotoni.

Mama yako alipotutoka ulikuja kwangu. Ulikuwa umeleta mwiko ule ule, na ulilala umeukumbatia. Asubuhi nilikuta umekwisha chuja majivu ya jikoni kwetu, na mke wangu, mkaza mjomba wako, anakuchagulia maganda. Miaka ile nyumba yangu ilinukia sabuni, nikipita wapagazi wenzangu walikuwa wakisema, "Bwana harusi huyo anapita." Nilikuwa najivuna, ila kwa ndani.

Halafu akaja yeye. Ndugu wa baba yako, fundi wa Mikumi, amevaa suruali aliyoishona mwenyewe, ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Akasema Mikumi kuna barabara ya lami, mabasi ya Iringa yanasimama, wasafiri wana vumbi na wanataka kunawa. Akasema ana cherehani, ana redio, ana chumba kitupu. Mimi nilikuwa na nini? Niliubeba mzigo wako mwenyewe mpaka behewani, kichwani, bila malipo. Ukanipungia dirishani. Siku ile sikuinua mkono, Zuhura. Nilisimama nao umenyooka chini. Treni ikaondoka. Mpaka leo sijui nani aliipa ruhusa.

Nilisikia alivyoanza kukuongoza huko. Eti maganda ni mambo ya kijijini, akakununulia mifuko ya nailoni, inayong'aa. Sabuni ikatoka jasho ndani kama mtu mwenye homa. Wasafiri wakafungua, wakatupa mifuko dirishani, ndama wa mfugaji mmoja akaumeza mfuko na harufu yake. Niliambiwa mama mwenye ndama alikuja na fimbo mpaka mbele ya cherehani, akamwambia fundi, "Nguo ya sabuni yako imo tumboni mwa mali yangu. Itoe." Ndama alipona, usinifikirie vibaya, lakini niliposikia nililala vizuri. Ukarudi kwenye ganda. Ganda langu.

Nikadhani sasa wataulizana huko lilikotoka, na jina langu litafika Mikumi kabla yangu. Badala yake anashuka Mbegu, mpagazi mwenzangu, yule anayepiga mluzi, ananiambia mbele ya watu wote wa jukwaani, "Kumbe fundo lile ni la fundi. Anasema yeye ni mtu wa nyuzi, ndiye aliyemfundisha binti. Wewe, mzee, ulikuwa unakula tu." Wakacheka. Nami nikacheka, nikawapita wote kwa sauti. Lakini gunia la mchele la mtu wa Kidete nililipandisha kimakosa treni ya Kidatu.

Na nasikia unamwita baba. Baba mdogo alikuwa baba mdogo, sasa "mdogo" umeiangusha wapi, kwenye lami? Kisha nasikia mwalimu amepeleka posa, na ameipeleka kwa fundi. Kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama. Anayeulizwa ni mjomba, hata kama hana cherehani. Yule bwana ana redio, ana lami, ana tembo wanaopita nyuma ya choo chake bure bila kulipa hifadhi. Alikuwa na haja gani na mpwa wangu? Mimi nilikuwa na mmoja tu.

Basi nikatunga maneno ya kukataa. Yalikuwa maneno mazito, nimeyapanga kama magunia, la chini limebeba la juu. Nikayasema peke yangu njiani mpaka mbuzi wakanipisha.

Washenga wakaingia. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikawaacha wakae, nikawaacha wanywe maji, nikawauliza kwa upole wa chui, "Mmekosea njia? Mwenye binti si yuko Mikumi?"

Yule mrefu akakohoa, akasema, "Tulianzia huko, mzee. Fundi ametuambia, 'Mimi nimempa mahali pa kulala. Mwenyewe yuko Kilosa, stesheni. Nendeni kwa mjomba wake, na msiende mikono mitupu, ana maneno.'"

Nikabaki na magunia yangu ya maneno, behewa limeondoka.

Halafu yule mfupi akatia mkono kapuni, akatoa kipande cha sabuni. Ganda jeupe la ndani, limekunjwa huku na huku, uzi wa katani, na fundo lako dogo lile juu yake. Akakiweka mikononi mwangu, akasema, "Binti amesema neno la posa tusilitamke mpaka mjomba afungue hiki kwa mkono wake mwenyewe. Amesema, 'Fundo hili ni la mjomba.'"

Mkaza mjomba wako alikuwa jikoni na kuni mbichi, moshi ukanishika macho. Hata washenga waliona moshi ulivyokuwa mwingi.

Zuhura, nimekubali. Mwalimu mwambie asikonde. Fundi nisalimie, na siku ya harusi aje, tutampa kiti chenye egemeo, ila changu kitakuwa mbele kidogo. Ile suruali yake aivae. Nawe ukae salama na lami yako na tembo wako, na mwiko wa mama yako usiuazime.

Lakini jibu hili nakupa wewe, washenga sikuwapa. Wao niliwaambia kwamba kwetu fundo la posa halifunguliwi siku linapofika. Yule mrefu akasema kila ukoo na utaratibu wake, wakaaga kwa heshima. Utaratibu huo haupo. Niliutunga nikiwa nimeshika ile sabuni, jasho linanitiririka.

Miaka yote ile mama yako ndiye aliyenifungulia, ukafuata wewe, akafuata mke wangu. Nimevuta ncha ya kulia, fundo likakaza. Nimevuta ya kushoto, likakaza zaidi. Kisu kipo, lakini neno la kisu nililitangaza mwenyewe wilaya nzima. Mkaza mjomba wako analijua fundo vizuri, ila amekaa na mkeka wake, anasuka, anasema, "Si lako hilo? Fungua."

Washenga watarudi na treni ijayo. Niandikie kabla yao: huvutwa ncha ipi?

Ni mimi mjomba wako, kaka wa mama yako