Hodi Kwenye Jumba la Mumiani

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo. Ulezi tumeshavuna, na paa la jikoni linavuja pale pale uliponiambia nipazibe. Hizo ni salamu. Nimekaa kukuandikia kwa sababu nina hasira, na hapa mtaani Malangali hakuna wa kuielewa isipokuwa wewe.

Wameliharibu Jumba.

Ndiyo, lile lile. Gemu letu la jumba la mumiani, tulilolianza baada ya kiharusi kukushusha kwenye lori na kukuweka kwenye kiti cha mbao pale dirishani. Mkono wako wa kulia ulikataa kushika pedi ya kuchezea, kwa hiyo mimi nikawa mikono, wewe ukawa macho. Siku ya kwanza Mama alipita na beseni lake akasema nyumba ya Wakristo imejaa mashetani. Ukamwonyesha chupa ya maji ya baraka mkononi mwa yule kijana wa kwenye kioo, ukasema, "Huyu yuko kazini." Mama akaendelea na safari yake ya kwenda jikoni.

Na pale kitandani, wiki ile ya mwisho, nilikuahidi kwamba nitalimaliza Jumba. Nitafika kwa mumiani mwenye nyumba na nitamtoa. Ulinifinya kidole kuonyesha umesikia. Sasa niambie nitaitimizaje ahadi hiyo wakati nyumba yenyewe wameibomoa.

Ile mashine yetu ya gemu iliungua, Baba. Mvua za mwaka huu radi ilipiga nguzo ya umeme hapo nje, ikaondoka na televisheni na mashine kwa pamoja. Unajua watu wa Dar wakisikia Sumbawanga na radi wanavyofurahi. Binamu wa huko alinipigia kuniuliza nimemkosea nani mpaka nikatumiwa radi. Nikamkatia simu.

Ndipo Deo, yule fundi mwenye banda la gemu karibu na stendi, akaniambia nisihuzunike. Jumba limetoka jipya, akasema, sasa ni la 3D. "Sio kuangalia tena, mshikaji, unazama humo humo ndani." Akaniazima mashine na televisheni. Nikarudi nyumbani na bodaboda nimeikumbatia ile mashine kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Nikawasha. Baba, unajua kitu cha kwanza nilichokiona? Mgongo. Mgongo wa kijana na makalio yake. Hicho ndicho utakachokitazama tangu mwanzo hadi mwisho.

Unakumbuka lilivyokuwa. Tuliliona kwa ubavu, kama nyumba iliyotolewa ukuta mmoja ili majirani wachungulie. Kijana alikwenda kulia au kushoto, akapanda, akashuka, na wewe kwenye kiti chako ulimwona wa mbele na wa nyuma kwa wakati mmoja. "Nyuma yako," unasema, nami nageuka. Ngazi ndefu zenye mifupa uliziita Mteremko wa Kipili, kwa sababu huko ndiko breki zako zilikowahi kukatika. Vyumba vya chini vyenye maji na wale watu wenye vichwa vya samaki ukaviita Kipili kwenyewe, kule ziwani, ukasema hao unawafahamu, umewabebea sana dagaa. Ukumbi wa mizimu inayozozana kuzunguka meza ulikuwa Kikao cha Ukoo. Tulikuwa na ramani yetu. Nikikwama, unanielekeza kama unavyomwelekeza utingo.

Ramani hiyo sasa ni takataka. Ngazi zipo, tena nzuri, mpaka ukungu wa kwenye mawe unauona. Lakini ukiruka hujui ukingo uko karibu au mbali, na kijana wa watu anaanguka ovyo kutwa. Picha inazunguka yenyewe mpaka kichwa kinauma. Kitu kinakung'ata shingo na hujui kimetokea wapi, kwa sababu nyuma hakuonekani tena na wa kukuambia hayupo. Wameweka upepo, wameweka baridi inayotoka kwenye kuta. Baridi, Baba. Wameniletea baridi mimi, mwezi wa sita, Sumbawanga, nikiwa na makoti mawili mwilini.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonichoma ni milango.

Kwenye Jumba letu, kijana akifika mlangoni alisimama. Kila kitu kilitulia, kisha mlango ukafunguka taratibu. Nilikuambia ni mashine tu, inatafuta chumba kinachofuata. Ukanitazama kana kwamba nimeingia sebuleni kwa mtu na matope miguuni. "Anangoja hodi ijibiwe," ukasema. Na nilipocheka ukasema lile neno ambalo nimelisimulia msibani kwako mpaka watu wakasahau kulia: "Hata kama umekuja kumuua, ile ni nyumba ya mtu."

Ikawa sheria. Mimi napiga hodi, wewe unaitikia kwa niaba ya mumiani. Maneno mengi yalikukwama baada ya ule ugonjwa, hata jina langu lilitoka nusu, lakini "karibu" ilitoka nzima, nzito, ya mtu mwenye meno marefu. Hodi tatu zisipojibiwa, tunageuka. Ndivyo ulivyotulea na ndivyo tulivyocheza.

Na kwenye mlango wa mwisho, ule mwekundu wenye misumari, hukuitikia hata siku moja. Napiga hodi zote tatu, wewe kimya, unatazama dirishani. "Bado," unasema. Tunarudi kuzungukazunguka kule chini kwa watu wa samaki. Siku nyingine nilinuna. Nilidhani unaona sina ubavu wa kupambana naye. Sasa najua, Baba. Hukutaka iishe. Na mimi, ningejua... basi tu.

Huyu kijana mpya anapiga milango teke. Teke, kama mlevi aliyekosea nyumba. Hasimami, hasubiri, na nimebonyeza kila kitufe cha pedi kutafuta namna ya kumzuia, hakuna. Nilimuuliza Deo, akacheka mpaka akashika ukuta. "Hodi kwa shetani, kaka?" Nikamwambia ndiyo, hata kwake, na kama kwao hawakumfundisha hivyo asinicheke mimi. Katika Ufipa hii, ambako mtu anachuchumaa na kupiga makofi ya salamu kabla hajasema shida iliyomleta, wananiletea shujaa asiyelelewa na mtu. Hasira yangu ndiyo hiyo. Wamepata akili ya kuchora kila unyoya wa popo, wakakosa akili ya kumsimamisha mtu mlangoni.

Nimeendelea kwa sababu ya ahadi. Nimeanguka, nimeng'atwa, nimepotea, na leo baada ya misa nikaufikia ule mlango mwekundu. Hawakuubadilisha. Misumari ile ile. Katika Jumba zima, hicho tu ndicho walichotuachia.

Nikaweka pedi magotini hatua moja nje ya mlango, kabla kijana hajainua mguu. Kiti chako kiko pale pale, hakuna anayekikalia. Nikasema hodi. Kimya. Nikasema tena. Upepo tu kwenye mabati. Ya tatu niliizuia kwanza, maana sheria naijua: isipojibiwa, narudi. Na safari hii nirudi na nani? Hata wa kuniambia "bado" sina. Nikaisema kwa sauti, kwa hasira zangu zote, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Karibu, pita ndani," Mama akaitikia kutoka jikoni.

Alidhani ni mgeni. Akatoka anafuta mikono kwenye kitenge, akatazama mlango wetu, hakuna mtu. Akanitazama mimi, akatazama kiti chako, halafu ule mlango mwekundu kwenye kioo. Miaka yote ile ya kupitapita na beseni, kumbe alikuwa anatusikia.

"Mwambie aingie," akasema. "Asisimame nje na baridi hii." Akarudi kwenye sufuria yake.

Nililia, Baba. Sijakulilia hivyo tangu tukuzike.

Mashine bado inawaka. Kijana bado amesimama pale, na mimi nimeona nikuandikie kwanza kabla ya kushika pedi. Lala salama. Nakuahidi paa la jikoni nitaliziba wiki hii. Nakuahidi sitaingia kwa mtu bila hodi, hata huyu mpumbavu akipiga teke milango yote ya dunia, mdomo wangu utakuwa umeshatangulia. Na mumiani akinishinda leo nitarudi kesho, na nitabisha upya.

Lakini tumeshakaribishwa, Baba. Naingia.

Mwanao,
Kalisto