Javan Mukhwana Amefutwa

Jumatatu, 8 Machi 2004

Chai imepoa tena. Mafaili yamefika dirishani. Tangu sheria hizi za mikanda ya magari zianze, kila mwenye usukani Nairobi anapita kwetu. Na kila kesi ya trafiki ikiisha, ni mimi karani wa korti wa kupeleka habari kwa ofisi ya leseni: nani kapatikana na hatia, nani kanyang'anywa leseni, nani kaachiliwa. Faksi ilikufa mwaka jana. Tarishi naye ukimpa bahasha anaizungusha mjini mpaka inachakaa. Basi mwisho wa mwezi namsomea Mugambi wa leseni kwa simu, yeye anaandika. Sijawahi kumwona huyo mtu. Najua tu anatafuna akiongea.

Leo napanga kesi za Ijumaa, jina likanisimamisha. Javan Mukhwana, dereva wa lori la duka la mabati la Bwana Jaspal. Shtaka: kuendesha gari ilhali leseni yake imefutwa. Alikamatwa Dagoretti Corner wiki iliyopita, yuko nje kwa dhamana.

Haiwezekani. Kesi yake ilifutwa Februari, mbele ya macho yangu haya. Askari aliyemshika hakuja kutoa ushahidi, Mheshimiwa hakimu akaitupa. Namkumbuka kwa sababu alishukuru kila mtu, mpaka askari wa mlangoni. Leseni yake haikuguswa! Hao watu wa leseni wamelala usingizi wa pono. Kesho watanisikia.

Jumanne, 9 Machi

Nimempigia Mugambi kabla hata sijavua koti. Nikamtolea yote. Mzembe. Mvivu. Mtu anafungwa kwa sababu yako na wewe unatafuna mandazi. Akaacha kutafuna. Akasema, "Madam, mimi huandika kile unasema. Ulisema amefutwa."

Nikamkatia simu.

Halafu nikakaa chini.

Hapa kortini tunasema hivyo kutwa. Kesi ikifutwa, tunasema huyo amefutwa, tunafunga faili, tunaita mwingine. Kwa Mugambi, aliyefutwa ni mtu aliyefutiwa leseni. Wale wengine wote nilisema "ameachiliwa," kama inavyotakiwa. Huyu mmoja nilikuwa na njaa, nina haraka, nikasema "Mukhwana, amefutwa," nikaruka kwa jina la pili. Naisikia sauti yangu mwenyewe.

Ni mimi. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 10 Machi

Javan amekuja. Nilimkuta kwenye benchi la koridoni, kofia mapajani, amenyoa ndevu kama anaenda harusini. Kumbe tunaishi sote Waithaka, yeye upande wa chini. Akasema, "Madam, mliniambia niende nyumbani, nikaenda. Sasa nimekosa wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, wacha nisijidanganye. Sikulitoa.

Anasema Ijumaa hatasumbua mtu, atakubali. Aliendesha lori, ni kweli, hawezi kusimama mbele ya korti na kukana. Mheshimiwa wetu hana mchezo na wanaoendesha bila leseni. Ukisema "ni kweli," unashuka ngazi na pingu. Watatu wameshuka tangu Januari.

Nikamwambia, kwa sauti ya chini, aseme si kweli. Karani hamfundishi mshtakiwa maneno ya kusema, hilo nalijua vizuri. Nimemfundisha. Akanitazama kwa huruma, ati mimi ndiye nimechanganyikiwa. "Lakini Madam, si niliendesha?"

Ai, huyu mtu na ukweli wake!

Alhamisi, 11 Machi

Saa ya chakula nimeenda kwa miguu mpaka ofisi ya leseni. Mugambi ni kijana mwembamba, tai imemzidi. Nilidhani ni jitu la tumbo. Hakunitukana, na nilistahili. Akanionyesha alichoandika. Neno moja tu, na tarehe. Hawezi kulibadilisha bila barua ya korti yenye muhuri, ikieleza kosa lilitoka wapi.

Muhuri uko kwa Bwana Onchari, karani mkuu wetu. Nikamweleza yote. Alisikiliza akikuna sikio na kofia ya kalamu, kisha akasema niandike kosa ni la ofisi ya leseni, atapiga muhuri sasa hivi, na twende nyumbani.

Nikaifikiria. Siandiki hapa kujisifu: nilifikiria muda mrefu. Nimebakisha kidogo tu nistaafu. Huyo kijana hata hajathibitishwa kazini, na angekaa kimya kwa woga. Ningelala vizuri? Labda ningelala. Hilo ndilo linaniudhi.

Niliandika ilivyokuwa. Kwamba neno lilikuwa langu. Onchari akaisoma, akanirudishia bila muhuri. "Consolata, ukipeleka hii, utafutwa wewe."

Hakusikia alichosema. Nilicheka mpaka akaita mtu aniletee maji.

Ijumaa, 12 Machi

Mimi ndiye ninayesoma mashtaka pale mbele, na mimi ndiye ninayetafsiri. Mheshimiwa huandika Kiingereza changu, si Kiswahili cha mshtakiwa. Barua isiyo na muhuri ilikuwa ndani ya sweta. Nilipanga kuitoa mapema. Mheshimiwa aliingia amenuna, kesi zikaanza kukimbia, nikaogopa. Nikasema baada ya huyu. Baada ya huyu mwingine. Mara ikawa yeye.

Akapanda kizimbani na ile kofia mkononi. Nikamsomea. Nikauliza, ni kweli au si kweli? Nikamtazama kwa nguvu zangu zote.

"Ni kweli. Niliendesha."

Kalamu ya Mheshimiwa ikasimama juu ya karatasi, ikinisubiri. Yalikuwa maneno matatu tu ya Kiingereza: "It is true." Nimeyasema maisha yangu yote. Ningeyasema na mtu angeenda jela, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi, Mugambi na Onchari; Mugambi angeogopa, na Onchari ni wa kusahau.

Nikasema, "Mheshimiwa, kabla sijatafsiri. Kuna neno hapa ni langu."

Mwendesha mashtaka akageuka kunitazama. Nikatoa barua, imelowa jasho. Mheshimiwa akaisoma mara mbili. Akaitisha faili la Februari. Nikalileta mimi mwenyewe, magoti hayanisikii. Akaniuliza kama najua nilichoandika. Nikasema najua.

Mwendesha mashtaka akasimama, akaondoa shtaka. Mheshimiwa akafungua mdomo kutamka lile neno, akanitupia jicho, akaufunga. Akaanza upya. Kesi imeondolewa. Leseni ya mshtakiwa ni halali. Na karani aandikie ofisi ya leseni leo hii, kwa maneno hayo hayo, asiongeze, asipunguze. Watu wa nyuma wakacheka.

Javan akashukuru kila mtu. Mpaka mimi. Mimi zaidi.

Muhuri ulipigwa mchana. Onchari aliupiga kwa hasira, meza ikaruka. Jumatatu natakiwa kuonekana ofisini kwake na maelezo.

Jumatano, 31 Machi

Barua ya onyo iko kwenye faili langu. Kazi ninayo. Onchari hanisalimii, nayo ni nafuu.

Jumapili nilikutana na Javan pale Waithaka, anatoka kanisani na wasichana wake wawili. Akatoa kile kitabu chekundu cha leseni mfukoni, akanionyesha kabla hata ya salamu. Nikamuuliza lori linaendaje. Akasema polepole, ati nisije nikaumia. Bwana Jaspal alimpa mtu mwingine funguo za lori Alhamisi ile ya kabla ya kesi. Mabati hayangengoja korti, na huyo mwingine hawezi kuondolewa sasa, naye ana familia. Bwana Jaspal alisema pole, akamshika mkono. Javan anabeba mawe kwenye mjengo, mtaani Jamhuri. Nilitamani anitukane. Akaniuliza kama miguu yangu imepona, kwa maana aliniona siku ile nikitetemeka.

Leo mwisho wa mwezi. Nimemsomea Mugambi. Kesi imeondolewa, leseni anayo. Amepatikana na hatia, leseni anayo. Ameachiliwa, leseni anayo. Anarudia kila moja, nasikiliza, ndipo naendelea. Tumemaliza jua likiwa limeondoka dirishani. Hakutafuna chochote.

Kabla hajakata simu akauliza, na yule Mukhwana?

Nikasema leseni anayo.

Na kazi?

Nikasema amefutwa.

Safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza maana yake.