Kiganja cha Fundi

Dada yangu,

Mvua huku haikatiki, viatu vimeoza. Bado naosha vyombo vya maabara. Kinyama cha mgonjwa hukatwa chembamba kama ganda la kitunguu, kikadondoshewa kingamwili, chembe za kunasa protini fulani. Penye protini inayoziamrisha jeni zikuze uvimbe wa saratani, panageuka kahawia. Fundi wa hadubini hunitania, "Njoo uchungulie, profesa wa ndoo."

Jana ilikuwa zamu ya kinyama kilichotolewa shingoni mwangu. Nikainama kuchungulia kama kawaida. Fundi akaiziba hadubini kwa kiganja.

"Leo hapana, kaka. Kamwone daktari."

Sijaenda. Kiganja chake kilishanisomea majibu.

Mama mwambie nimepata likizo, nakuja. Akiuliza ya siku ngapi, geuza mazungumzo.

Ni mimi mdogo wako.