Gambo Bila Wanga la Mama Mkwe

Jumapili, mwezi wa pili, 2006. Blaine.

Baridi ya leo ya huku ughaibuni inakata masikio, gari limegoma kuwaka, na mimi nashinda jikoni kama mfungwa aliyejifunga mwenyewe.

Mama mkwe wangu hali chakula. Tangu tumzike mzee wake, baba mkwe wangu, kule Luiziana na mke wangu Selesti amlete hapa kwetu, wiki ya tatu hii, anadonoa kidogo anasukuma sahani. Ana sukari. Kidole cha mguu kimeshaanza kuwa cheusi, na daktari amesema wazi: aache wanga, ale vizuri, la sivyo mguu unakwenda. Yeye anajibu kwamba kama hapati gambo, mguu uende tu ukamfuate mzee.

Gambo ni mchuzi mzito wa kwao, wa kuku, soseji na bamia. Unaanza na unga wa ngano uliokaangwa mpaka ukawa rangi ya kahawa, halafu mchuzi unaumwaga juu ya wali. Wanga juu ya wanga.

Nikajigamba, nani mwingine? Nikawaambia mimi nimepika melini, nimelisha mataifa kutoka Durban hadi Bombei, gambo bila wanga kwangu ni mchezo.

Shajara, wewe nakwambia ukweli. Melini nilikuwa naosha masufuria.

Kwanza nilikaanga unga wa lozi. Ukaungua, king'ora cha moshi kikalia, Selesti akafungua madirisha yote na theluji ikaingia bila hodi. Kisha nikasaga koliflawa iwe badala ya wali. Nikapata uji wa mgonjwa, tena mgonjwa asiyependwa.

Nikampigia mama yangu, Tanga. Nikamwambia mkwe anasumbuliwa na wanga, nifanyeje? Akashusha sauti. Halafu akauliza taratibu, "Na huko wapo?"

Kwetu wanga ni wachawi pia. Nilimaliza kadi nzima ya simu kumweleza kuwa hawa wangu ni wa kwenye chakula. Kabla haijakatika akanipa dawa: bamia na magadi kidogo, kama mlenda, mchuzi utakuwa mzito wenyewe.

Kidogo ya mama ni ncha ya kidole. Mimi bingwa wa bahari nikatia kijiko kizima cha yale magadi ya kuumulia keki.

Gambo likafura. Lilipotulia nikainua mwiko, nalo likanifuata.

Nikampelekea hivyohivyo, sikuwa na kingine. Kwetu mkwe hatazamwi akitafuna, kwa hiyo nikajibanza nyuma ya mlango kusikiliza kijiko. Kikagonga sahani mara moja tu.

Kisha nikasikia fimbo yake ikija jikoni. Akachota mwiko, akautazama ule uzi wa utelezi ukirefuka.

"Mwanangu," akasema, "hiki kitu kiko hai?"

Hajawahi kuniita mwanangu. Nikashindwa kucheka, nikamwambia yote, mpaka ya masufuria. Akavuta kiti, akaniamuru nikate kitunguu, hoho na bamia mpya. Mkono wake ukaenda kwenye kopo la unga wa ngano. Nikaliwahi. Tukavutana nalo, mtu na mkwewe, aibu tupu.

"Mama, mguu."

Akaliachia. Akasema bibi yake, unga ulipokosekana, alikuwa akikaanga bamia kwanza mpaka utelezi wote ukauke. Nikakaanga. Yeye akinielekeza kwa fimbo.

Amekula vijiko vitatu, bila wali. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta kwa adabu, lakini nilihesabu.

Vitatu si kushiba. Kidole bado cheusi. Asubuhi nitampima sukari; kipimo nimeshakiweka mezani tangu sasa.

Niambie basi, mwosha masufuria anaweza kuuzuia mguu wa mtu usiondoke?