Ruhusa ya Msafiri

Jumapili, 6 Machi 1994

Tumefua. Fulana mbili za Shabani, kanga zangu, soksi. Zilikauka darini kabla sijamaliza kukamua ya mwisho. Joto la Mombasa halina adabu.

Saa saba tukaenda Makupa kula. Tena. Kuna hoteli ya mabati nyuma ya malori. Mlangoni wametundika shuka ili wanaokula wasionekane. Madereva, mataniboi wao na sisi. Maharagwe na chapati. Shabani, mume wangu, hula ameinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Nikanunua na soda ya machungwa na pakiti ya biskuti, nikazificha chini kabisa ya begi langu. Kisha tukarudi Ndia Kuu tulikopanga, midomo imefutwa, tukamwamkia Bi Zuhura mwenye nyumba kwa sauti ya kinyonge ya watu waliofunga.

Ilianza hivi. Alhamisi tulifika mabegi mgongoni, watoto wakituzomea "wazungu weusi", tukagonga mlango wa huyu mama mjane anayepangisha chumba cha juu kabisa. Akauliza tunatoka wapi. Mumias. "Aa, Waislamu wa bara," akasema, akatabasamu. Tabasamu lile! Kisha: "Mumefunga, wanangu?" Shabani, aliyekuwa ametoka kumaliza mahamri matano kituo cha basi, akajibu, "Alhamdulillahi."

Msafiri ana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani, siku zake akazilipa baadaye. Mungu mwenyewe ndiye aliyeitoa. Tungesema tu, "Tuko safarini," na mambo yangeishia pale. Lakini Shabani hakutaka kuonekana Mwislamu wa bara. Nami nilisimama kando yake, nikanyamaza. Basi uongo ni wa wawili.

Jumamosi ndiyo basi la Tanga. Kenya tumeimaliza, toka ziwani hadi pwani. Nataka kuvuka mpaka, niwe mahali ambapo sijamdanganya mtu bado.

Jumatatu, 7 Machi

Futari ya leo: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, samaki wa kupaka. Chumba tunalipia. Chakula Bi Zuhura hataki kusikia habari ya malipo. Anayemfuturisha aliyefunga, anasema, naye hupata thawabu ya funga ile. Nikawa natafuna na kuwaza ni thawabu gani anayoipata kwetu sisi. Tunamla mama wa watu thawabu zake pamoja na mihogo.

Jirani alikuja kuomba ndimu. Bi Zuhura akatuonyesha kama mtu anayeonyesha kitanda kipya. "Watazame hawa. Wa bara, tena wasafiri, na jua lote hili, na wafunga! Sisi wenye mji tuna udhuru gani?" Jirani akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina na kaimati mdomoni.

Shabani kitandani anacheka. Anasema uongo usiomdhuru mtu ni adabu tu. Simpendi anapokuwa na jibu la kila kitu.

Jumanne, 8 Machi

Unamdhuru mtu.

Maryamu, binti yake Bi Zuhura, ni karani mjini. Leo alipotoka kazini alinivuta jikoni, akaniomba niseme na mama yake, kwa kuwa mama yake ananipenda. Mama ana kisukari, miaka sasa, na ana vidonge vya kila siku. Daktari alimkataza kufunga, na maalim wa msikitini akamwambia vivyo hivyo. Mwezi ulipoandama alitoa fidia yake, akalisha maskini, akawa anakula mchana chumbani kwake kwa amani. Tangu Ijumaa hataki. Anakula daku na sisi alfajiri, anameza vidonge, anafunga hadi magharibi. Maryamu ameomba, amelia, amenuna. Wapi! Akitetemeka na kupotewa na maneno, anasema, ujue sukari imeshuka, apewe kitu kitamu upesi.

"Asema aona haya," akaniambia. "Wageni wana ruhusa na hawaitumii. Yeye mwenye nyumba aitumie?"

Nilikuwa nimeshika bakuli. Sikumbuki nililiweka wapi.

Nimemwambia Shabani tukamwambie ukweli usiku huu huu. Amesema mtu mzima anaujua mwili wake. Amesema siku zilizobaki ni chache. Amesema tutamvunja moyo. Nikamwuliza yeye hasa anaogopa nini. Akageukia ukutani. Haya, lala.

Jumatano, 9 Machi

Leo nilikusudia kufunga kweli. Kana kwamba funga yangu ingemfungulia yeye. Alasiri kichwa kikaniuma, nikaifungua ile soda kwa meno, nikanywa nusu, nikaiziba kwa karatasi. Hata toba siiwezi.

Nilipanga kusema baada ya futari. Maneno nilikuwa nayo tayari. Bi Zuhura akanitilia kipande kikubwa cha samaki, kile cha mgongoni, akaniita mwanawe. Nikasema ahsante. Ujasiri wangu wote uliishia hapo.

Ni mwoga mimi. Nimekuwa nikimlaumu Shabani kwa sababu ni rahisi.

Alhamisi, 10 Machi

Naandika kabla sijalala.

Alasiri Shabani alikuwa sokoni Marikiti, anatafuta maembe ya futari. Maryamu kazini. Nikasikia kishindo chini. Nilimkuta Bi Zuhura sakafuni kando ya pipa la maji, jasho linamtiririka, anatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mumewe. Nilikijua kilichompata. Sukari ya jikoni nikaitafuta nisiione, na mikebe yote pale inafanana. Nikapanda ngazi mbio, nikaleta soda yangu. Nusu chupa, ya moto, karatasi mdomoni. Nikamlaza kifuani kwangu nikamnywesha kidogo kidogo. Kisha biskuti, nikizivunja kwa vidole.

Akarudi. Kwanza macho, kisha jina langu.

Maryamu alipofika alinikumbatia akalia. Akawaambia majirani kwamba nimemwokoa mama yake. Wakaja mmoja mmoja kunishika mikono. Nimemsukuma mtu kisimani, sasa nasifiwa kwa kumtupia kamba. Na nikazipokea sifa zile, nikisema, "Tumshukuru Mungu."

Kuna baya zaidi. Baada ya isha nilikwenda kumtazama. Sauti ndogo, lakini akili timamu. Anasema funga ya leo imemharibikia, na kesho anafunga. "Zimesalia chache. Ntazimaliza nanyi, inshallah." Maryamu akapiga goti mbele ya kitanda akamsihi. Mama akafumba macho. Kuhusu chupa ile hakuuliza chochote.

Atakufa. Kwa ajili ya mahamri ya Shabani na kimya changu.

Ijumaa, 11 Machi

Nimesema.

Shabani alikwenda kuswali Ijumaa. Maryamu alikwenda kazini, aliniachia mama yake kwa sababu ananiamini. Bi Zuhura alikuwa kitandani, amefunga, midomo imekauka. Nikapika uji wa maziwa, mabakuli mawili. Nikapandisha chumbani kwake, ghorofa ya kati, moja nikaliweka karibu naye, nikaketi mkekani, nikaanza kula mbele yake.

Alinitazama. Kisha uso wake ukalainika. "Aa. Umeingia mwezini, mwanangu?"

Alinifungulia mlango wa kutokea, kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamke aliye mwezini hafungi, hakuna wa kumwuliza. Ningeitikia kwa kichwa tu. Namwomba Mungu anisamehe ule muda nilioufikiria.

Nikasema hapana. Nikamwambia yote. Mahamri, Makupa, shuka ya mlangoni, soda. Kwamba hatujafunga hata siku moja nyumbani kwake. Kwamba tulikuwa na ruhusa kama yeye, tukaificha kwa kuogopa kuchekwa.

Nilitegemea atafoka. Aliutazama uji mpaka ukaanza kushika utando. Halafu akasema, "Majirani nimewaambiani mie?" Na baadaye, kwa sauti ya chini: "Nalikuwa naamka daku kuwapikia."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia sitoki chumbani mpaka ale, hata akiniita mbwa. Hakuniita mbwa. Nikaumaliza uji wangu mbele yake, hauna ladha, kila kijiko ni kazi. Ndipo akalivuta bakuli lake. Alinigeuzia mgongo akala akitazama ukuta. Alikula wote. Nikachukua mabakuli mawili nikaenda kuyaosha na nikalia huko jikoni, lakini si sana, maana sikuwa mimi wa kulia.

Shabani aliporudi nikamwambia. Akakaa kwenye kitanda na kofia yake kichwani. Ningengoja siku moja tu, akasema, kesho tungekuwa tumeondoka. Ndiyo, nikamwambia, sisi tungeondoka, na yeye angebaki hapa akifunga. Akavua kofia. Safari hii hakugeukia ukutani.

Magharibi hatukuitwa chini. Maryamu alileta sinia mpaka mlangoni, akaliweka, akashuka. Macho yake hayakunitafuta. Chakula kilikuwa kile kile, kizuri vile vile. Tulikula kama wapangaji, na ndivyo tulivyo.

Jumamosi, 12 Machi

Naandika Likoni, basi liko kwenye foleni ya kivuko.

Shabani amefunga leo. Siku zote hizi, kachagua siku ya safari. Sikumcheka. Anatazama maji, midomo mikavu, na kwa mara ya kwanza wiki hii namwonea huruma. Mimi nilikula mkate barabarani, hadharani. Mzee mmoja alinitazama vibaya. Nikamwambia mimi ni msafiri, akasema, "Safari njema."

Asubuhi tulishusha mabegi. Maryamu alitupa mkono mlangoni. Wangu aliushika muda kidogo zaidi, au mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Nikamwuliza kama naweza kupanda kumuaga mama. Akatikisa kichwa. "Hataki, dadangu. Niwie radhi."

Shabani akasema kwaheri kwa sauti, akielekea ngazi.

Niliinama kufunga kamba za begi. Huko juu nikasikia kikombe kinarudishwa kwenye kisahani. Saa tatu ya asubuhi. Harufu ya chai ya iliki ikashuka mpaka mlangoni. Dirisha lake lilikuwa wazi, na yule jirani wa ndimu alikuwa kibarazani, anasikia kama ninavyosikia.

Shabani alishatangulia. Nikazifungua zile kamba, nikazifunga upya polepole, mpaka nikamsikia anamimina kikombe cha pili.