Kwa Baba, Aliyemfundisha Neema Mapinduzi ya Wamarekani

Baba yangu,

Shikamoo. Naiandika tu, maana marahaba yako siisikii tena. Kaka Festo ameniambia kaburi limeshajengewa saruji na Mama ameanza kula. Huku Marekani, mjini Crystal, theluji inayeyuka, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni, ileile uliyoigeuza darasa, na sina hamu ya kuinuka. Nimechoka, Baba. Nimechoka mpaka kulia kwenyewe kunanichosha.

Ulikuja kututembelea miezi sita, ukaikuta baridi inakata masikio, ukagoma kutoka nje. Asubuhi mimi naendesha kwenda ofisini Eden Prairie, baba Neema yuko kwenye shifti, wewe unabaki na televisheni usiyoipenda. Ulikuwa umestaafu ualimu, lakini ualimu ulikuwa haujakustaafu wewe. Ukawa unazunguka nyumba ukitafuta mtu wa kumfundisha. Ndipo Neema, akiwa darasa la tano, akarudi na kazi ya nyumbani: aeleze kwa nini Wamarekani walimwasi mfalme wa Uingereza.

Jamani, ulivyochangamka! Ulivua miwani ukaifuta kwa shati, nikajua leo hatuli mapema.

Mtoto alikuwa na jibu tayari: kodi. Kitabu chake kilisema kodi ya karatasi, kodi ya chai, basi. Ukacheka, ukamwambia kodi ni sababu ya karibu, na mwanafunzi wa kweli huanza na sababu za mbali. Ukaanzia mbali kweli. Waingereza na Wafaransa walipigania ardhi ya magharibi, kila upande ukiwa na makabila ya wenyeji yaliyouunga mkono. Waingereza wakashinda, hazina ikabaki tupu. Mfalme hakutaka vita vingine na wenyeji, kwa hiyo akachora mstari kwenye milima, akawaambia walowezi wake wasivuke. Walowezi wakakasirika, kwa sababu ardhi ya ng'ambo ndiyo waliyokuwa wameitolea macho. Wengine walishajenga huko, wakawa wanachomeana nyumba na wenyeji. Mfalme akaweka askari mipakani, na askari wanataka mshahara, na mshahara unatoka kwenye kodi. Wakatozwa watu ambao bungeni London hawakuwa na hata mtu mmoja wa kuwasemea. Hapo wakagoma, wakamwaga chai baharini, mfalme akafunga bandari na kuleta bunduki, nao wakatoa zao.

"Kodi na mstari ni mapacha," ulimwambia. "Ukimsahau mmoja, hadithi huijui."

Neema alielewa Kiswahili wakati ule. Ulimsemesha Kiswahili, akakujibu Kiingereza, na mlisikilizana vizuri tu. Mimi nilikuwa kwenye sinki naosha mboga, nikajisemea nimepata nilichokuwa naomba tangu azaliwe: mwanangu ana babu. Sikuomba kingine, Baba. Nilitaka ajue ametoka kwa nani, na akusikie kwa masikio yake mwenyewe, siyo kupitia kwangu.

Ukamsimulia na ya kwetu Songea, Mjerumani alivyowatoza babu zako kodi ya nyumba na kuwafanyisha kazi kwa kiboko, mpaka wakashika mikuki. Neema akauliza kama na sisi tulishinda.

"Wao walishinda, wakaandika vitabu," ukamwambia. "Sisi tulinyongwa."

Akakutazama kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata kwake. Jumamosi ile nikawapeleka Champlin mkauone mto Mississippi. Ukasimama ukingoni na koti langu la kike, hukujali, ukaniuliza wenyeji wa mto huu walikwenda wapi. Nikakwambia sijui vizuri. Ukasema hilo ndilo litakuwa somo la mwisho.

Lakini ulimfundisha na kusimama. Kwetu mwanafunzi haongei na mwalimu akiwa amekalia kiti, kwa hiyo kila swali ulimwinua: mikono nyuma, kifua mbele, "Mwalimu, sababu ya kwanza." Nyumbani aliona ni mchezo mtamu. Siku ya kueleza shuleni, wenzake walijibu wamejilaza kwenye viti vyao. Neema akasimama wima, mikono nyuma, akaanza na sababu za mbali. Darasa zima likaangua kicheko. Wakampachika jina la askari, na kila alipoingia darasani kuna mtu anamsimamia mikono nyuma.

Alirudi macho yamevimba. Akakwambia kwa Kiingereza, mbele yangu, kwamba hataki umfundishe kitu tena, na kwamba ni heri ungebaki kwenu. Nikamkaripia. Wewe ukaninyooshea mkono ninyamaze.

"Mwache, mama," ulisema. "Nimemtia aibu mtoto wa watu."

Mtoto wa watu, Baba! Mjukuu wako wa damu! Neno lile lilinichoma kuliko hata yale aliyoyasema yeye. Hukumfundisha tena. Mlipishana sebuleni mithili ya wapangaji, na Aprili ukarudi Songea, somo la mwisho hujalitoa.

Nilidhani ni utoto, yatapita. Hayakupita. Kila nilipopiga simu aliishika, akasema neno moja la Kiingereza, akanirudishia. Mimi nikimsemesha Kiswahili, mwanzoni alijibu Kiingereza, halafu akawa ananiomba nirudie, halafu akaacha hata kuomba. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamnunia. Wapi! Miaka miwili ilitosha. Lugha ilimtoka mtoto taratibu, nami namwona, na sikuweza kuizuia.

Ulipofariki sikuja kukuzika. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado, ningetoka nisingeruhusiwa kurudi kwa mwanangu. Watanzania wa hapa walikuja, Wakristo na Waislamu, viatu vikajaa mlangoni, wakakaa nami matanga. Niliwashukuru. Lakini nilikuwa nalilia msiba usio na jeneza, na kuna saa niliwachukia wote kwa sababu hawakukujua.

Wiki iliyopita mgeni kutoka nyumbani ameniletea kaseti. Festo anasema uliirekodi ukiwa hoi kitandani, ukawatoa wote chumbani, kwa ajili ya Neema. Jumapili nikamkalisha hapa mezani, nikaiweka kwenye redio.

Sauti yako, Baba. Ilikuwa imekonda. Ulimwomba radhi kwa kile kicheko cha wenzake, kisha ukaendelea pale mlipoishia. Ulitumia Kiswahili chepesi, polepole, nikajua kila neno umemchagulia. Ukamweleza kwamba walowezi walipompiga mfalme hapakuwa na wa kuwazuia tena, wakavuka ule mstari, wakasonga na kusonga mpaka kwenye mto wetu huu.

"Sasa Neema," ukauliza, "wale waliokuwa ng'ambo ya mstari, wao walipata uhuru gani?"

Ukanyamaza. Ulikuwa unamwachia nafasi ajibu. Kaseti ikazunguka, nikasikia kuku wa Mama uani na kifua chako kikikoroma. Neema aliitazama redio, akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza babu anasema nini. Nilifungua mdomo nimtafsirie, sauti yako ikaniwahi.

Nawe, huko kitandani kwako, ukasema, "Vizuri sana, mjukuu wangu. Nilijua utaweza."

Lala, Baba.

Mwanao,
Mama Neema