Upande wa Kivuli

MAELEZO YA SHAHIDI
Ofisi ya usalama barabarani, kituo cha polisi

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Wagonjwa huniita Sista Muhuri.
Umri: miaka 46
Kazi: muuguzi, kliniki ya presha, zahanati ya barabara kuu
Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya zahanati

Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu.

Zahanati yetu huwapa wagonjwa wa presha kadi ya kutembea. Mgonjwa akija kwa miguu na kufika dirishani kwangu kabla ya saa mbili asubuhi, ninamgongea muhuri kwenye tarehe ya siku hiyo. Akichelewa, au akiletwa na pikipiki, hapati. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, na nilijivunia sana.

Marehemu alikuwa fundi cherehani, miaka 61. Alipoanza, presha yake ilikuwa 190 kwa 115. Alitembea kilomita tatu kila siku ya kazi, akirusha mikono hadi wenzake wakambandika jina la Komando. Nililomwambia alilifuata kama lilivyo. Mkewe aliwahi kuja dirishani akaniomba kwenye kadi nimwandikie pia kuosha vyombo, maana akiambiwa nyumbani hasikii.

Tangu mwanzo niliwaambia wote watembee upande wa kushoto. Huko kuna ukuta mrefu wa ghala unaotoa kivuli asubuhi, na wakati huo palikuwa na njia ya waenda kwa miguu yenye ukingo wa zege. Nikabandika karatasi ukutani: TEMBEA KIVULINI.

Miezi minne iliyopita barabara ilipanuliwa. Njia ile ikageuzwa kuwa njia ya tatu ya magari, na kati ya lami na ukuta pakabaki nafasi isiyomtosha mtu mwenye ndoo. Upande wa pili, juani, ulibaki ukanda mpana wa udongo. Kabla ya ujenzi watu wa manispaa walituita kikaoni, wakauliza kama zahanati ina neno. Nilikuwa nimeacha foleni ya wagonjwa. Nikatia saini ya mahudhurio nikaondoka.

Karatasi yangu niliiona kila siku. Kila siku nilisema nitaibadilisha kesho.

Mnamo tarehe 7, Jumatatu, wiki moja kabla ya ajali, marehemu aliniuliza, "Sista, ile njia imeliwa. Nihamie upande wa jua?"

Nilikuwa nampima. Kipimo kilisoma 128 kwa 82. Nilifurahia namba, hata usoni sikumtazama. Nikamjibu, "Baba, kaa kivulini. Jua litaturudisha tulikotoka."

Akasema, "Haya," akaenda zake.

Mnamo tarehe 14, saa moja na dakika hamsini na mbili asubuhi, nilimwona kutoka dirishani, umbali wa mita sitini hivi. Alikuwa pembeni kabisa, bega linakaribia kugusa ukuta. Nyuma yake ilikuja pikapu nyeupe ya mikate. Lori lililokuwa kando ya pikapu liliingia njia yake, nayo ikasogea kushoto. Kioo cha pembeni kilimpiga marehemu begani, akagonga kichwa ukutani akaanguka. Mwendo siwezi kuukadiria. Lori halikusimama na namba yake sikuiona. Dereva wa pikapu hakukimbia. Aliketi chini akirudia kwamba hakuwa na pa kwenda. Namwamini.

Nilifika na begi la huduma ya kwanza. Marehemu alikuwa na fahamu. Kadi ilikuwa mkononi, kwani alizoea kuitoa mfukoni akikaribia. Aliniuliza, "Saa mbili imefika?"

Nikamwambia, "Bado, baba."

Alifariki kabla ya gari la wagonjwa kufika.

Afande anayeniandikia amesema kinachohitajika ni nilichokiona, si nilichomwambia mgonjwa wangu. Nimeomba yote yaandikwe. Nimeshasikia watu wakisema mzee alitembea ovyo barabarani, na kesi ikianza yatasemwa tena mbele ya mkewe. Hakutembea ovyo. Alitembea pale nilipomwambia atembee, baada ya kuniuliza. Ninajuta. Mkewe bado sijamwambia hayo. Nilifika mlangoni kwake mara mbili nikashindwa kubisha, ndipo nikaja hapa kwanza.

Karatasi nimeibandua jana.

Haya ndiyo maelezo yangu, ya niliyoyaona na ya niliyoyasema. Nimesomewa na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika kama yalivyotolewa, na shahidi ameyakubali. Amekabidhi kadi ya kutembea ya marehemu, imepokelewa kama kielelezo. Ina mihuri 211. Nafasi ya tarehe 14 iko wazi. Shahidi alikuja na muhuri wake, akaomba aigonge. Nilimweleza kwamba kielelezo hakiguswi.